Homi Bhabha, mwanasayansi aliyeandaa watu kwanza, kisha idara, mwisho mitambo

Asubuhi ya tarehe 24 Januari 1966, ndege ya Air India iliyotoka Bombay kwenda London ilikuwa inashuka kuelekea Geneva, nchini Uswisi. Haikufika. Iligonga mlima Mont Blanc, na watu wote 117 waliokuwa ndani walikufa. Mmoja wao alikuwa Homi Jehangir Bhabha, mwenye miaka 56, mkuu wa Idara ya Nishati ya Atomiki ya India. Alikuwa njiani kwenda Vienna, kwenye kikao cha washauri wa kisayansi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki.

Siku hiyohiyo, mjini Delhi, Indira Gandhi alikuwa anaapishwa kuwa waziri mkuu. Lal Bahadur Shastri, aliyeshika kiti hicho kabla, alikuwa amefariki siku 13 tu nyuma. Ndani ya wiki mbili India ikawa imempoteza kiongozi wa serikali pamoja na mtu aliyeshika karibu nyuzi zote za sayansi yake ya nyuklia.

Wengi waliuliza kama kazi hiyo ingeweza kuendelea bila yeye. Iliendelea. Namna alivyoijenga, na bei ambayo nchi yake ililipa kwa namna hiyo ya kujenga, ni mambo yanayoigusa pia Kongo, nchi yenye madini mengi na wizara ya utafiti wa kisayansi, ambayo kila mwaka inajiuliza ianzie wapi.

Mtoto wa familia tajiri

Bhabha alizaliwa Bombay tarehe 30 Oktoba 1909, katika familia ya Waparsi, jamii ndogo ya wafuasi wa dini ya Zoroasta ambao mababu zao walihamia India kutoka Uajemi. Baba yake, Jehangir, alikuwa mwanasheria. Shangazi yake, Meherbai, aliolewa na Dorabji Tata, wa familia iliyojenga kiwanda kikubwa cha chuma cha Jamshedpur. Nyumbani kulikuwa na vitabu, sahani za muziki wa Ulaya na michoro. Kijana huyo alipenda kuchora na kusikiliza muziki kiasi cha kupenda hesabu.

Familia ilikuwa imekwisha kumpangia njia. Angesomea uhandisi wa mashine Uingereza, halafu angerudi kufanya kazi katika kiwanda cha chuma cha akina Tata. Mwaka 1927 akapelekwa Cambridge, chuo cha Gonville and Caius. Huko alikuta fizikia ikiwa katika miaka yake ya moto. Ulaya nzima ilikuwa inajadili undani wa atomu, na Cambridge palikuwa na Ernest Rutherford na Paul Dirac.

Bhabha akamwandikia baba yake kwamba uhandisi haukuwa wito wake, na kwamba moyo wake uko kwenye fizikia. Baba hakumkatalia, wala hakumwachia hivihivi. Alimwekea sharti: amalize kwanza mtihani wa uhandisi kwa daraja la juu kabisa, ndipo atalipiwa masomo mengine. Mwaka 1930 Bhabha alipata daraja la kwanza, na baba akatimiza ahadi. Miaka ile ya uhandisi ilimfaa baadaye, kwa sababu alijua kusoma ramani ya mtambo sawasawa na kusoma hesabu za nadharia.

Kufikia katikati ya miaka ya 1930 jina lake lilikuwa linajulikana kwa wanafizikia. Alikokotoa jinsi elektroni na positroni zinavyogongana na kutawanyika, na hadi leo tukio hilo linaitwa kwa jina lake. Mwaka 1937, pamoja na Mjerumani Walter Heitler, alieleza jinsi chembe moja yenye nguvu kutoka anga za mbali inavyoweza kuzaa mvua ya chembe nyingi inapoingia katika hewa ya dunia. Mwaka 1941, akiwa na miaka 31, alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London.

Vita vyamzuia nyumbani

Mwaka 1939 Bhabha alirudi India kwa likizo. Mnamo Septemba vita vya pili vya dunia vikaanza Ulaya, na safari ya kurudi Cambridge ikafa. Alipata kazi katika Taasisi ya Sayansi ya India mjini Bangalore, chini ya C. V. Raman, aliyekuwa amepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1930. Hapo akaanzisha kikundi kidogo cha kuchunguza miale kutoka angani.

Miaka hiyo ilimbadilisha. Mwanzoni alikuwa anasubiri vita viishe ili arudi Ulaya. Kisha akaanza kuona kwamba kila Mhindi mwenye kipaji akibaki Ulaya, India itaendelea kuagiza wataalamu kama inavyoagiza mashine.

Mnamo Machi 1944 alimwandikia barua mkuu wa mfuko wa hisani wa Dorabji Tata. Aliomba pesa za kuanzisha taasisi ya utafiti wa fizikia. Hoja yake ilikuwa kwamba nishati ya nyuklia ingeanza kuzalisha umeme baada ya miongo michache, na siku hiyo ikifika, India isilazimike kutafuta wataalamu nje, iwakute tayari nyumbani.

Tarehe ya barua hiyo ina uzito. Ilikuwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya bomu la Hiroshima, Agosti 1945. Wakati Bhabha anaandika, kazi ya Wamarekani ya kutengeneza bomu ilikuwa siri kubwa, na sehemu kubwa ya uraniamu waliyoitumia ilikuwa imechimbwa Shinkolobwe, huko Katanga. Madini ya Kongo yalikuwa yamekwisha kuvuka bahari, na Wakongomani hawakuwa na mtu hata mmoja kwenye meza ile. India nayo ilikuwa bado koloni. Tofauti ni kwamba ilikuwa na kijana mmoja aliyejua nini kinakuja, na matajiri wa nyumbani waliokubali kumsikiliza.

Taasisi hiyo, iliyopewa jina la Tata, ilianza Juni 1945 mjini Bangalore. Kabla mwaka haujaisha ikahamia Bombay, katika sehemu ya nyumba ya ndugu zake Bhabha. Hapakuwa na jengo kubwa la kuzinduliwa. Bhabha alitafuta watu kwanza: Wahindi waliokuwa wanasoma Uingereza na Marekani, ambao aliwaandikia mmoja mmoja akiwaomba warudi. Msimamo wake ulikuwa kwamba mtu bora hutafutwa kwanza, halafu kazi inajengwa kumzunguka yeye, badala ya kuandika orodha ya vyeo na kuijaza.

Mchanga wa Kerala

India ilipata uhuru Agosti 1947. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya nishati ya atomiki, na mnamo Agosti 1948 ikaundwa Tume ya Nishati ya Atomiki, Bhabha akiwa mwenyekiti. Alikuwa na miaka 38.

Swali la kwanza lilikuwa la madini. India ilikuwa na uraniamu kidogo, lakini kwenye fukwe za kusini, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Kerala, kulikuwa na mchanga mweusi wenye monaziti, jiwe linalobeba thoriamu. Habari za mchanga huo zilianzia Ulaya. Mwaka 1909, mwaka aliozaliwa Bhabha, mkemia mmoja Mjerumani aliuona ukiwa umenasa kwenye kamba za nyuzi za nazi zilizotoka huko. Kuanzia hapo makampuni ya kigeni yakawa yanauchota na kuupakia melini, kwa sababu thoriamu ilihitajika kutengenezea tambi za taa za gesi.

Thoriamu peke yake haiwashi kinu cha nyuklia. Inabidi kwanza ipigwe na nyutroni ndani ya kinu kinachofanya kazi, igeuke kuwa aina ya uraniamu inayoweza kupasuliwa. Ndiyo maana Bhabha alichora mpango wa hatua tatu. Kwanza, vinu vinavyotumia uraniamu ya kawaida vitoe umeme pamoja na plutoniamu. Pili, plutoniamu hiyo iendeshe vinu vya aina nyingine vinavyozalisha fueli zaidi kuliko vinavyokula. Tatu, thoriamu ya Kerala iingizwe kazini. Ulikuwa mpango wa miaka mingi, uliopangwa kulingana na kilichomo katika ardhi ya India.

Serikali ikazuia kuuza mchanga huo nje ukiwa mbichi. Mwaka 1950 ikaunda kampuni ya umma ya kuushughulikia, na Desemba 1952 kiwanda cha kuusafisha kikafunguliwa Alwaye, Kerala, kwa msaada wa ufundi kutoka Ufaransa. Katikati ya hapo kulikuwa na mtihani mgumu. Mwaka 1951 India ilikuwa na njaa na iliomba ngano kwa Marekani, na wabunge wa Marekani wakataka monaziti iwe sehemu ya mapatano. Serikali ya Jawaharlal Nehru ilikataa kubadilishana chakula na madini ya atomiki. Mkopo wa ngano ulipatikana hatimaye, na marufuku ikabaki.

Kwa msomaji wa Kolwezi au Likasi, anayeona malori ya madini yakielekea mpakani kila siku, habari hii haihitaji maelezo mengi. Inafaa tu kukumbuka kwamba marufuku ile ilikuwa na kiwanda nyuma yake, na kiwanda kilikuwa na watu waliofundishwa kukiendesha.

Idara chini ya waziri mkuu

Tume pekee haikumtosha Bhabha. Ilikuwa chini ya wizara nyingine, na kila ununuzi ulipaswa kupita ofisi nyingi za Delhi. Tarehe 3 Agosti 1954 ikaundwa Idara ya Nishati ya Atomiki, chini ya waziri mkuu mwenyewe. Bhabha akawa katibu wake, cheo ambacho katika serikali ya India kwa kawaida hushikwa na mtumishi wa utawala, si mwanasayansi.

Mwaka 1958 tume ikapewa nguvu kamili juu ya kazi na pesa, na ikaamuliwa kwamba katibu wa idara ndiye atakuwa mwenyekiti wa tume. Makao yakawa Bombay, mbali na Delhi. Mtu yuleyule alikuwa anapendekeza mipango, anaipitisha, anaitekeleza, na anatoa taarifa kwa mtu mmoja tu, Nehru, ambaye walikuwa marafiki wakubwa.

Matokeo yalionekana haraka. Huko Trombay, nje kidogo ya Bombay, kilijengwa kituo cha utafiti. Tarehe 4 Agosti 1956 kinu cha Apsara kikawaka, cha kwanza katika Asia ukiondoa Muungano wa Kisovieti. Wahindi walikibuni na kukijenga, Uingereza ikatoa fueli. Mwaka 1960 kikafuata kinu cha CIRUS, kikubwa zaidi, kilichojengwa kwa msaada wa Kanada na maji mazito kutoka Marekani. Mwaka 1964 kiwanda cha kutenganisha plutoniamu kikaanza kazi.

Katikati ya mitambo hiyo kuna kitu ambacho hakikupigwa picha sana. Mwaka 1957 Bhabha alifungua shule ya mafunzo Trombay. Kila mwaka ilichukua vijana waliomaliza vyuo vikuu, ikawafundisha fizikia, kemia na uhandisi wa nyuklia kwa mwaka mmoja huku wakilipwa, na waliofaulu wakapewa kazi moja kwa moja. Kijana hakuhitaji kumjua mkubwa ili aingie. Shule hiyo bado inafanya kazi, na waliopita humo ndio walioendesha idara baada ya mwanzilishi kuondoka.

Idara ilizaa pia vitu vingine. Mwaka 1962 kamati ya utafiti wa anga iliundwa chini yake, ikiongozwa na Vikram Sarabhai. Novemba 1963 roketi ya kwanza, iliyotoka Marekani, ilirushwa Thumba, kijiji cha wavuvi huko Kerala, ambako kanisa lilitolewa litumike kama ofisi. Shirika la anga la India la leo lilichipuka kutoka hapo.

Alichokosea, na kilichofichwa

Si kila mtu alimpigia makofi. Mnamo 1948, bunge lilipokuwa linajadili sheria ya atomiki, mjumbe mmoja alilalamika kwamba usiri wake unazidi ule wa Uingereza na Marekani. Mpinzani mkubwa zaidi alikuwa Meghnad Saha, mwanafizikia maarufu wa Calcutta aliyechaguliwa kuwa mbunge mwaka 1952. Saha aliona hatari ya kuweka pesa nyingi za sayansi katika idara moja iliyofungwa, huku vyuo vikuu vikibaki maskini. Alitaka mambo yajadiliwe wazi. Alikufa mwaka 1956, na sauti yake bungeni haikupata wa kuirithi.

Hofu ya Saha haikuwa ya bure. Idara isiyoulizwa maswali na wengi huweza kuahidi inavyotaka. Agosti 1955, Bhabha akiwa rais wa mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa mjini Geneva juu ya matumizi ya amani ya atomiki, alitabiri kwamba ndani ya miongo miwili binadamu angejua kutoa nishati kwa kuunganisha viini vya haidrojeni, kama jua linavyofanya. Zaidi ya miaka 70 imepita, na hakuna nchi inayozalisha umeme wa kuuza kwa njia hiyo. Umeme wa nyuklia aliouahidi kwa India nao ulikuja polepole mno. Kituo cha kwanza, Tarapur, kilianza mwaka 1969 kwa vinu vya Kimarekani, na hadi leo nyuklia inatoa takriban asilimia 3 tu ya umeme wa nchi hiyo. Hatua ya tatu ya mpango wake, ile ya thoriamu, bado haijafikiwa.

Kuna pia suala la bomu. Hadharani, India ya Nehru ilizungumza amani. Lakini mitambo ya Trombay iliweza kutumika kwa mambo mawili, na Bhabha alilijua hilo. China ilipolipua bomu lake la kwanza tarehe 16 Oktoba 1964, alizungumza redioni siku chache baadaye na kueleza kwamba gharama ya mabomu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, huku akitaka dunia iachane na silaha hizo. Alibishana pia na mataifa makubwa yaliyotaka kukagua vinu vya nchi changa bila yenyewe kukaguliwa. Miaka 8 baada ya kifo chake, tarehe 18 Mei 1974, India ililipua kifaa cha nyuklia katika jangwa la Rajasthan. Plutoniamu ilitoka CIRUS, kinu ambacho Kanada ilikuwa imekitoa kwa ajili ya amani. Kanada ikakata ushirikiano.

Alivyoishi, na kilichobaki

Bhabha hakuoa. Muda wake nje ya kazi aliutoa kwa uchoraji, muziki na bustani. Alinunua kazi za wachoraji vijana wa India na kuzitundika kwenye kuta za taasisi yake, ambayo sasa ina mkusanyiko mkubwa wa sanaa za kipindi hicho. Miti iliyokuwa njiani mwa ujenzi hakupenda ikatwe, aliagiza ing'olewe na mizizi yake na kupandwa mahali pengine.

Kuhusu kifo chake, wachunguzi walieleza kwamba kifaa kimoja cha kuongozea ndege kilikuwa kimeharibika, na rubani akakosea kukadiria alipo kuhusiana na mlima. Uvumi kwamba aliuawa unaendelea hadi leo, lakini hakuna ushahidi wowote uliowekwa wazi.

Mwezi Mei 1966 Vikram Sarabhai alichukua nafasi yake. Mwaka 1967 kituo cha Trombay kilipewa jina la Bhabha. Shule ya mafunzo iliendelea kupokea vijana, na hakuna mwaka ambao ililazimika kufunga kwa sababu mwanzilishi hayupo.

Kongo nayo ilikuwa na mwanzo wake. Mwaka 1959, miaka mitatu tu baada ya Apsara, kinu cha TRICO kiliwaka katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, cha kwanza katika Afrika nzima. Cha pili kilifuata mwaka 1972. Vyote viwili vimenyamaza miaka mingi sasa. Kinshasa palikuwa na mtambo, na Katanga palikuwa na madini, kama Bombay na Kerala. Kile ambacho Bhabha alikifanya mapema kuliko vyote viwili, miaka kumi na mbili kabla ya kuwasha kinu chake cha kwanza, kilikuwa barua ya kuomba mahali pa kuwafundishia vijana wa nyumbani.